Makosa Sifuri

Kwenye picha ya harusi yangu kuna kundi la watu weusi tii wasio na nyuso, na pembeni yao mwanamke mmoja anayeonekana vizuri hadi vifungo vya gauni. Huyo ni wifi yangu. Mpiga picha alikuwa ametupanga jua likiwa mgongoni mwetu, sote tukatii, yeye akakataa. "Hapo tutatoka kama masizi," alisema. Mume wangu, ambaye ni kaka yake mkubwa, akamwambia asiharibu shughuli ya watu. Akajibu kwamba haharibu kitu, anasimama tu penye mwanga. Akaenda akasimama peke yake upande wa pili wa ngazi, mikono nyuma, kama askari aliyesahauliwa lindoni. Picha zilipokuja, mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaniambia, "Huyo ndiye Mbishi wangu. Mzoee."

Nikamzoea. Jina lake la shule halitumiki tena. Nyumbani ni Mbishi, kazini ni Mbishi, hata muuza magodoro wa chini yetu humwita hivyo na yeye huitika bila kununa. Aliwahi kuchumbiwa. Uchumba ulivunjika walipobishana namna ya kuunganisha jenereta ya baba mkwe mtarajiwa: mchumba alishinda ubishi, jenereta ikaungua, na Mbishi akasema hawezi kuishi na mtu anayekasirishwa na moshi wake mwenyewe. Akabaki anaishi na mama yake, na mimi naona hajapungukiwa.

Karakana yetu iko ghorofani, juu ya duka hilo la magodoro. Kutoka chini hupanda harufu ya sponji mpya, kutoka mezani petu hupanda moshi wa lehemu, na mgeni akiingia mara ya kwanza hupiga chafya. Mume wangu anauza, Mbishi anaunda, mafundi wawili wanalehemu, mimi nashika simu na karatasi za ofisi. Na kwa kuwa kazi yetu ni mawasiliano yasiyotumia waya, utani hauishi. Mteja akipiga na kuuliza, "Wifi ipo hapo kwenu?" mimi humjibu, "Yupo, lakini leo amenuna."

Wakati ninaousimulia tulikuwa tunaunda visanduku vya kupeleka michoro ya moyo. Zahanati ndogo za mbali hazina daktari wa moyo. Muuguzi humbandika mgonjwa vibandiko kifuani, mashine ikachora mapigo kwa mstari mmoja unaopanda na kushuka, na kisanduku chetu kikaugeuza mstari ule kuwa namba, kikazirusha kwa redio hadi hospitali kubwa. Kule kisanduku kingine huzipokea na kuuchora mstari upya mbele ya daktari mmoja anayezisomea zahanati zote michoro yao.

Redio ina kelele na namba huliwa njiani. Kwa hiyo ndani ya kisanduku kuna chipu inayotuma namba za ziada kwa utaratibu maalumu, ili upande wa pili uweze kujaza zilizoliwa na kunyoosha zilizopinda. Mbele ya kisanduku kuna kioo kidogo kinachoonyesha makosa yaliyobaki baada ya kusahihishwa. Mume wangu alikipenda kioo kile kuliko viatu vyake vya ngozi. Mteja akija, alimsogeza karibu, akamwonyesha ile taa ya kijani na maneno "Makosa: 0", akanyamaza ili utukufu uzame.

Basi asubuhi moja simu ikalia. Sauti ya mwanamke, kavu.

"Naomba kuongea na aliyetengeneza hiki kisanduku cha moyo."

"Yuko kazini, dada. Nikupokelee ujumbe?"

"Ujumbe sina. Nimeshaambiwa mimi ndiye mkosaji na daktari wa moyo, na mkuu wangu wa zahanati, na mpaka dereva wa ambulansi. Wote hao hawakuwepo nilipobandika zile waya. Sasa nataka mtu mmoja tu anisikilize kabla hajanihukumu."

Nikainuka, nikampelekea Mbishi simu kwenye meza yake. Nilisikia upande wake tu. "Mm. Ulibandika mwenyewe? Mm. Na karatasi iliyotoka hapo kwako ilikuwa sawa? Inapanda? Na yao ikatoka inashuka... Yote? Toka mwanzo? Ahaa, toka katikati. Mm. Dada, nisikilize. Karatasi yako itunze, usimpe mtu yeyote."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Fundi cherehani mmoja alifika zahanati akilalamika kifua kinambana. Muuguzi akampima, mashine yake ikachapa mstari usio na tatizo. Hospitali kubwa, mstari uleule ulipoingia, ulianza sawa kisha ukaendelea juu chini: kila kilima kimekuwa shimo. Kwa macho ya daktari wa moyo, shimo la namna ile ni alama ya moyo unaokosa damu. Akaamuru mgonjwa aletwe haraka. Yule fundi akatikiswa kutwa nzima kwenye barabara mbovu, dripu mkononi, akapewa dawa kali zilizomtoa damu puani, halafu wakamkuta moyo wake mzima na kifua kinambana kwa sababu ya kuinama kwenye cherehani. Daktari akahitimisha kwamba muuguzi alipishanisha waya, kwa kuwa ukipishanisha waya mbili zile mstari hupinduka hivyohivyo. Na hii haikuwa mara ya kwanza kutoka zahanati ile. Akaagiza muuguzi aondolewe kwenye mashine.

Mume wangu alipoelezwa, alipumua kwa nafuu.

"Waya. Kila mtu anajua waya zinapishana."

"Zikipishana, mstari unapinduka toka mwanzo," Mbishi akasema. "Huu umepinduka katikati. Nani alizigeuza waya mgonjwa akiwa amelala?"

"Labda aligundua kosa akarekebisha."

"Basi ungeanza vibaya ukaisha vizuri. Umeanza vizuri."

Mume wangu akakigonga kisanduku kilichokuwa mezani kwa kidole. "Kumbukumbu za hospitali zinasema makosa sifuri siku ile. Sifuri, mdogo wangu. Sasa unabishana na mtambo ulioubuni mwenyewe?"

"Ndiyo," akasema Mbishi. "Nabishana nao. Nani mwingine atabishana nao?"

Siku iliyofuata chai ya saa nne haikuchemka, kwa sababu sufuria ya ofisi ilikuwa maabara, kwenye chumba cha majaribio cha Mbishi. Niliifuata nikiwa nimejiandaa kugombana, nikamkuta Mbishi ameweka visanduku viwili, kimoja kila pembe ya chumba, kimoja kinatuma mstari wa mfano, kingine kinauchora kwenye skrini. Yeye amesimama katikati, anaifunika antena kwa sufuria yangu, anaiinua, anaifunika, anaiinua.

"Wifi, umepatwa na nini?"

"Naiharibia ishara kidogo. Kama mvua, kama lori likipita mbele ya antena. Kaa hapo, niwe na shahidi."

Nikakaa. Sufuria ikashuka, mstari ukavurugika. Sufuria ikapanda, mstari ukarudi vizuri. Hivyo hivyo mpaka nikaanza kusinzia. Ndipo sufuria ilipopanda na vilima vikarudi vikiwa mashimo. Vimepangika vizuri, havina hata tone la mchafuko, vimetazama chini tu. Nikageukia kioo. Taa ya kijani. Makosa: 0.

Mbishi hakushangilia. Aliweka sufuria chini polepole kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Nilimwomba anieleze kwa lugha ya watu. Akaniuliza, "Sasa hivi saa ngapi?"

Nikatazama saa ya ukutani. "Saa tano."

"Mkono mfupi uko kwenye namba gani?"

"Kumi na moja."

"Mbona unasema tano?"

"Ala! Si ndivyo tunavyosoma?"

"Ndivyo. Wewe na mimi tumekubaliana hivyo tangu utoto. Sasa mchukue mtu ambaye hajaambiwa. Mwambie kikao ni saa tano, halafu yeye atafute tano kwenye saa yake. Atafika lini?"

"Saa kumi na moja, tumeshafunga."

"Na katika neno 'saa tano' kuna chochote kingemwonya?"

Nikafikiri. "Hakuna. Zote ni saa."

"Ungemwambia saa thelathini angeshtuka, angekupigia kuuliza. Lakini saa iliyo kinyume kabisa ni saa halali, anaipokea kwa mikono miwili." Akachora duara kwenye vumbi la meza, akaligawa mara nne. "Wimbi letu linabeba namba kwa kuelekea pande nne. Mafundi wanaita fezi. Anayepokea anaona limeelekea upande huu au ule, lakini juu ni wapi? Hakuna namba kwenye duara. Ndiyo maana visanduku vikianza kuzungumza vinasalimiana kwanza, kwa neno ambalo vyote viwili vinalijua, ili vikubaliane juu ni wapi. Basi. Baada ya hapo havisalimiani tena. Ishara ikififia katikati, huyu anayepokea anapoteza mwelekeo. Akirudi amegeuka robo, anasoma upuuzi, na chipu ya kusahihisha inajua kabisa kuwa huu ni upuuzi. Inageuza duara, inajaribu tena, mpaka upuuzi uishe. Sote tuliupenda utaratibu huo, unatoka kiwandani na chipu. Ila upuuzi unaisha mahali pawili, wifi. Pale penye ukweli, na pale penye kinyume chake kamili. Kila moja ikawa sifuri na kila sifuri ikawa moja, kilima kinakuwa shimo, lakini sheria zote za kusahihisha zinatimia vilevile. Chipu inakaa popote ilipofika kwanza, inawasha taa."

"Na mgonjwa?"

"Mgonjwa anapakiwa kwenye ambulansi. Au anarudishwa nyumbani," akasema, akalifuta lile duara kwa kiganja.

Mume wangu si mtu mbaya, nalisema hili nikiwa nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii. Alipooneshwa aliomba aoneshwe tena. Lakini wiki ileile tulikuwa tunatarajia wakubwa wa hospitali waje kukagua visanduku vya awamu ya pili. Akamwita Mbishi kwenye kile chumba chake cha vioo, ambacho alikijenga ili tusisikie, akasahau kwamba hakifiki kwenye dari.

"Tutarekebisha," akasema. "Nani amekataa? Wakishapokea hivi vya pili, tunavirudisha vya kwanza kimya kimya, kimoja kimoja, tunaita matengenezo."

"Na wanaopimwa leo?"

"Inatokea mara moja moja."

"Fundi cherehani aliletwa mara moja moja. Na muuguzi ananyanyaswa kila siku kwa kosa letu. Kaka, tuwapigie leo. Wazime, tuwaambie kwa nini."

"Tukiwaambia, tumekwisha."

"Basi tumekwisha. Tutaanza upya tukiwa tumesema."

Hapo mume wangu akasema lile neno ambalo katika familia zetu huwa ni rungu la mwisho. "Nani alikusomesha wewe?"

Mafundi wakainua vichwa. Mimi nikaacha kuandika.

"Wewe," Mbishi akasema. "Ulivaa shati moja mwaka mzima ili mimi nisome, na sisahau. Ulinisomesha nijue. Sasa najua. Unataka nijifanye sijui?"

Mume wangu akanyoosha mkono, akadai ufunguo wa maabara. Mbishi akaufungua kutoka kwenye mnyororo wake, akauweka mezani, akachukua visanduku viwili vya majaribio alivyovinunulia vipuri kwa mshahara wake, kimoja kila kwapa, akashuka ngazi. Muuza magodoro akamuuliza kama anahama. "Nahamishwa," akajibu.

Jumapili mama mkwe akatuita. Alikuwa amesikia upande mmoja tu, wa mwanawe wa kiume, na alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mikono akiwa tayari kumaliza jambo kabla chakula hakijapoa.

"Mbishi, muombe kaka yako radhi."

"Kwa sauti niliyopaza, Kaka, nisamehe," Mbishi akasema, na alisema kwa moyo. "Kwa maneno, hapana."

"Mwanangu!"

"Mama, maneno yale nikiyaombea radhi nitakuwa nimemwambia yule muuguzi kwamba ni kweli alikosea. Siwezi. Nichape ukitaka."

Mama mkwe akamtazama binti yake mwenye nywele zilizoanza kuwa na mvi, akamtazama mwanawe, akauliza swali ambalo sote tulikuwa hatujauliza. "Huyo muuguzi ana watoto?" Hakuna aliyejua. "Mnamgombania mtu hamjui hata ana watoto wangapi," akasema, akasusa, akaenda jikoni. Chakula kilipoa mezani.

Lakini kesho yake nilipopita pale nilikuta meza ya chakula ya mama mkwe imejaa nyaya, na mama mkwe mwenyewe, miwani puani, anamshikia binti yake tochi. Mbishi alikuwa anaandika upya programu ya visanduku. Dawa yake ilikuwa rahisi kuisema: ile salamu ya mwanzoni irudiwe kwenye kila fungu la namba, siyo mlangoni tu. Anayepokea akiikuta salamu imekaa sawa, anaendelea; akiikuta imepinduka, anajua yeye ndiye aliyepinduka, anageuza kila kitu. Gharama yake ni kwamba salamu inachukua nafasi, kwa hiyo kasi inapungua, na kasi ndiyo iliyokuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kipeperushi cha mume wangu. Tena kisanduku kipya hakielewani na cha zamani. Lazima vyote vibadilishwe kwa pamoja, wazi, kila mtu akijua.

Siku ya ukaguzi walikuja wawili: daktari wa moyo mwenyewe, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na ofisa manunuzi aliyeitazama saa yake kabla hata hajaketi. Mume wangu alikuwa ameniagiza jambo moja: Mbishi akija, asipite mapokezi.

Alikuja. Na hakuja peke yake. Alikuwa na mwanamke mfupi, imara, amevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi, mkoba kifuani. Nikajua bila kuambiwa. Nikasimama mbele yao kama nilivyoagizwa, nikamuuliza yule mgeni, "Dada, una watoto?"

Akanishangaa. "Watatu. Kwa nini?"

"Mama mkwe wangu anataka kujua," nikasema, nikawafungulia mlango.

Mume wangu alikuwa katikati ya maneno "makosa sifuri" tulipoingia. Mbishi hakumpa nafasi ya kumaliza.

"Shikamoo, daktari. Mimi ndiye niliyekiunda hicho kisanduku. Mchoro wa yule fundi cherehani ulipinduliwa na mtambo wetu. Muuguzi huyu hakukosea waya. Naomba niwaoneshe."

Daktari akamtazama muuguzi, na muuguzi akamtazama yeye bila kushusha macho. "Nimesoma michoro ya moyo nusu ya maisha yangu," daktari akasema. "Waya zikipishana ninazijua."

"Ndiyo maana nimekuja kwako na si kwa mwingine."

Ofisa manunuzi akamgeukia mume wangu. "Hii ni sehemu ya onyesho?"

Mume wangu angeweza kusema hapana. Niliona hapana ikipanda kooni mwake. Ikakwama. "Acheni aoneshe," akasema.

Sasa sikilizeni. Mbishi akafunika antena kwa ile sufuria ya ofisi, akaifunua. Mstari ukarudi sawa. Akafunika tena. Sawa. Tena. Sawa. Siku ile mtambo uliamua kuwa na adabu. Jasho likaanza kumtoka. Ofisa akakohoa, akafunga jalada lake. Mmoja wa mafundi akatazama sakafu. Ningekuwa mimi, ningejisingizia tumbo.

"Inatosha," ofisa akasema. "Daktari, twende."

"Haitoshi," Mbishi akasema. "Daktari, kama una hakika huyu dada alikosea, kaa kidogo, hutapoteza kitu. Na kama huna hakika, basi kaa zaidi."

"Binti, huwezi kutulazimisha."

"Sikulazimishi. Nakataa tu kumaliza."

Muuguzi akavuta kiti, akaketi, akaweka mkoba mapajani. "Mimi nangoja," akasema. "Nimetoka mbali."

Daktari akabaki amesimama, mkono kwenye kitasa. Halafu akarudi akaketi. Mbishi akaichukua sufuria akampa mume wangu. "Shika wewe, Kaka. Wasije wakasema nina ujanja wa mkono."

Na mume wangu akaishika. Akawa anaifunika na kuifunua, amevaa suti yake ya wageni, tai ikigusa meza, uso wake umekuwa kama wa mtu anayechota maji kisimani akiogopa kitakachopanda na ndoo. Kikapanda. Akainua sufuria na vilima vikarudi vikiwa mashimo, safi, vimepangika, taa ya kijani inamwangaza shavuni.

Muuguzi akafungua mkoba, akatoa karatasi yake, akaiweka chini ya skrini, akaigeuza juu chini. Ilikuwa michoro ya moyo tofauti, lakini hata mimi nisiyesomea nilielewa.

Daktari alivua miwani. Hakumtazama mtu. "Ni mingapi," akauliza, "niliyoisoma hivi?"

"Hatujui," Mbishi akasema. "Na mtambo haujui. Ndiyo maana tunataka uzimwe leo."

Ukazimwa. Visanduku vyote vikarudi kwa malori, vimejaa vumbi la barabara zile, tukavirundika mpaka kwenye ngazi. Manunuzi ya awamu ya pili yalifutwa. Tulihama kutoka vyumba vinne hadi viwili, na chumba cha vioo kikavunjwa, nami sikukililia. Mbishi alirudi kwenye meza yake, lakini kwa muda mrefu mume wangu hakuongea na dada yake ila kupitia kwangu, wakiwa wamekaa meza moja. "Mwambie wifi yako anipe bisibisi." "Wifi, mwambie kaka bisibisi iko mbele ya pua yake." Nikawa kama kile kisanduku, napokea na kurusha, ila mimi nilikuwa nakosea kwa makusudi. Nilipomwambia Mbishi kwamba kaka yake amesema ile programu mpya ni kazi safi, wakati alikuwa ameuliza tu kama imekwisha, waligundua nawachezea, wakaanza kuongea wenyewe ili kunikomesha.

Muuguzi alipigiwa simu na mkuu wake kwamba arudi kwenye mashine, yaishe. Akakataa. Alisema aliitwa mkosaji mbele ya watumishi wote, wakati wa kikao cha asubuhi, na atasafishwa mbele ya haohao, kwenye kikao hichohicho, la sivyo wawabandike vibandiko wagonjwa wao wenyewe. Walimngoja alainike. Hakulainika. Mwishowe daktari wa moyo alisafiri mwenyewe, akasimama mbele yao akasema, "Nilikosea, na nikamtupia yeye." Mbishi alipopewa habari hizo kwa simu alipiga kelele ya furaha mpaka muuza magodoro akapanda kuangalia nani ameungua.

Lakini daktari alikuwa pia ameipitia michoro ya zamani. Wawili walitia shaka: watu walioambiwa wako salama wakarudishwa nyumbani, kumbe huenda mashimo yao yaligeuzwa vilima. Waliitwa. Mmoja alikuja, akatibiwa. Wa pili, dereva wa trekta, alikuwa ameshazikwa.

Mwanasheria tuliyemwendea alikuwa na ushauri mmoja tu: nyamazeni. Hakuna anayeweza kuthibitisha mchoro ule ulipinduka, hakuna anayeweza kuthibitisha angepona. Mkienda kwa familia yake mnajifunga kamba wenyewe.

Mbishi alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Tulipotoka nje akasema, "Mimi naenda kesho."

"Umemsikia alichosema," mume wangu akamwambia.

"Nimemsikia. Naenda."

Mume wangu akasimama pale kwenye baraza la ofisi za watu, funguo za gari mkononi, anazigeuza na kuzigeuza. Nilidhani ugomvi unaanza upya. "Barabara ile huiwezi," akasema hatimaye. "Nitaendesha mimi."

Tulikwenda watatu. Mjane alitupokea uani, akatutolea viti, mwenyewe akabaki amesimama kando ya kamba ya nguo. Mbishi alimweleza yote, bila kupunguza na bila kulia: kisanduku, mvua, mchoro, kwamba huenda, na kwamba hatutajua kamwe. Hakumwambia habari za fezi. Alimwambia, "Mtambo wetu ulimwambia daktari kinyume, na ukasema hauna kosa."

Mjane akasikiliza. Alikuwa ameshika shati la mtoto lililolowa, anasahau kulianika.

"Mmekuja kuomba nini?" akauliza.

"Hatukuja kuomba," Mbishi akasema. "Tumekuja kukuambia. Ilikuwa haki yako kujua, na tuliambiwa tusije."

"Nani aliwaambia msije?"

"Mtu anayejua sheria."

Mjane akamtazama mume wangu. "Na wewe?"

"Mimi ni kaka yake," akasema. "Nilichelewa kidogo, lakini nimekuja."

Mama yule akaanika shati, akalinyoosha mabega, akabana vibanio taratibu. Kisha akavuta kiti cha nne, akaketi mbele yetu, akasema, "Anzeni tena tangu mwanzo. Safari hii polepole, nimwite na mwanangu mkubwa asikie."